Maziwa Yanayoganda Tumboni mwa Mtoto Mchanga: Ushauri kwa Wazazi na Walezi wa Kisii na Nyamira

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga anayelia pasipo kunyamaza, anayejinyonganyonga huku tumbo limejaa hewa, au anayecheua madonge meupe yenye harufu ya uchachu, huenda akaelezwa na watu wazima wa nyumbani kuwa maziwa yamemgandia tumboni. Utambuzi huo ukishafanyika, hatua inayofuata huwa ni kutafuta namna ya kuyatoa maziwa hayo: wengine humpa mtoto maji ya mitishamba, wengine humkanda tumbo kwa nguvu, na wengine humpeleka kwa mganga ili achanjwe chale. Makala hii inakusudia kueleza kile kinachotokea kwa hakika ndani ya tumbo la mtoto baada ya kunyonya, kutenganisha hali za kawaida na zile zinazohitaji daktari, na kuonyesha jinsi ya kumlisha na kumtuliza mtoto bila kumwongezea madhara. Hoja yake kuu ni kwamba kuganda kwa maziwa tumboni ni hatua ya kwanza ya usagaji wa chakula na wala si ugonjwa, na kwamba hatari kubwa zaidi hutokana na jitihada za kuyatoa maziwa hayo pamoja na muda unaopotea wakati ugonjwa halisi, kama upo, unaendelea kukua.

Kinachotokea tumboni baada ya kunyonya

Maziwa ya aina yoyote yana protini za makundi mawili makuu. Kundi la kwanza ni kasini, ambayo hushikamana na kuwa donge ikikutana na asidi, na kundi la pili ni protini za maji ya maziwa, yaani zile zinazobaki zimeyeyuka katika yale maji mepesi yanayojitenga maziwa yanapoganda. Maziwa yanapofika tumboni hukutana na asidi pamoja na pepsini, ambayo ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili kinachovunjavunja protini. Papo hapo kasini huanza kushikamana, ikinasa ndani yake sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa, huku yale maji mepesi yakitangulia kushuka katika utumbo mwembamba. Madonge hayo laini hubaki nyuma, yakamegwa kidogo kidogo na kuteremshwa kwa kiasi ambacho utumbo unaweza kukimudu. Kwa mpango huo mtoto hupata lishe kwa utaratibu badala ya kupokea mzigo wote kwa mkupuo mmoja, na ndiyo sababu mtoto mwenye afya ambaye tumbo lake haligandishi maziwa hayupo.

Wenyeji wa Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, wanaufahamu mgando wa maziwa kwa karibu, kwa kuwa amabere amaruranu, yaani maziwa yaliyogandishwa kibuyuni na kuliwa kwa ugali wa wimbi, ni chakula cha heshima katika jamii hiyo. Kinachotokea tumboni mwa mtoto kinafanana na mgando wa kibuyuni kwa kuwa asidi ndiyo inayoigandisha kasini katika hali zote mbili, lakini tofauti zake ni muhimu. Kibuyuni asidi hutengenezwa polepole na bakteria kwa siku kadhaa, nayo maziwa hukaa pale pale yalipowekwa. Tumboni asidi hutolewa na ukuta wa tumbo lenyewe, mgando hutokea kwa dakika chache, na donge linalofanyika huanza kumeng'enywa na kusukumwa mbele mara moja. Kwa hiyo maziwa hayakai tumboni mwa mtoto siku nzima yakizidi kuwa magumu kama yanavyokaa kibuyuni.

Aina ya maziwa nayo huamua ulaini wa donge. Maziwa ya mama yaliyokomaa yana takriban gramu 1 ya protini katika kila mililita 100, na kasini ni kama asilimia 40 tu ya protini hiyo, ilhali maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3 za protini katika kiasi hicho hicho, na kasini hufikia asilimia 80. Hii ina maana kwamba mtoto anayepewa maziwa ya ng'ombe hupokea kasini mara sita hivi ya ile ambayo angeipata katika maziwa ya mama, na donge linalofanyika huwa kubwa na gumu zaidi, likichelewa kutoka tumboni. Donge la maziwa ya mama ni laini na la chembe ndogo ndogo, na maziwa hayo yenyewe yana kimeng'enya cha kusaidia kuvunja mafuta. Ikiwa basi kuna mzazi anayeogopa madonge mazito tumboni mwa mwanawe, kinga iliyo bora kuliko zote ni titi la mama.

Kwa nini maelezo ya maziwa kuganda hushawishi

Imani hii haikuzuka kwa ujinga, kwa sababu inategemea jambo linaloonekana kwa macho. Mtoto hutapika, na kilichotapikwa ni donge jeupe. Jambo ambalo halizingatiwi ni kwamba sura ya matapishi hueleza muda uliopita tangu mtoto anyonye na haielezi ugonjwa: maziwa yanayorudi mara tu baada ya kunyonya hutoka yakiwa majimaji kama yalivyoingia, na yale yanayorudi baadaye kidogo hutoka yakiwa yameganda, hata kama mtoto ni yule yule na afya yake ni ile ile. Kwa sababu hiyo, dawa yoyote ya kutapisha ikinyweshwa mtoto aliyenyonya karibuni italeta madonge, na madonge hayo yataonekana kuwa ushahidi kwamba ugonjwa ulikuwapo na kwamba dawa imeutoa, hali mtoto yeyote wa jirani aliye mzima angetoa madonge yale yale kwa dawa ile ile.

Sababu ya pili ni muda. Kilio kikali cha watoto wachanga huanza karibu na wiki ya pili, hufikia kilele katika wiki ya sita, na hupungua chenyewe kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Familia huanza kutafuta tiba kilio kinapokuwa kileleni, na baada ya kilele kuna kushuka tu, hivyo tiba yoyote iliyotumika katika wiki hizo hupewa sifa ya nafuu ambayo ingekuja bila tiba. Sababu ya tatu hupatikana pale mganga anapochanja ngozi ya kifua au tumbo na kuonyesha kitu cheupe: chini ya ngozi ya kila mtoto kuna tabaka la mafuta ya rangi nyeupe au ya manjano, lenye sura inayoweza kudhaniwa kuwa maziwa yaliyoganda, ingawa maziwa anayonyonya mtoto hupita katika umio na tumbo na hayapiti kamwe chini ya ngozi.

Mfumo huu wa kutafuta kitu kigeni ndani ya mwili wa mtoto na kukitoa haupatikani Gusii peke yake. Katika sehemu nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania watoto wenye homa au kuharisha wameng'olewa vichipukizi vya meno kwa jina la meno ya plastiki, wengine wamekatwa kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia kooni, na magharibi mwa Uganda wapo waliochanjwa kifua ili kutolewa wimbi lililodhaniwa kuwa limekwama humo. Katika visa vyote hivyo kinachotolewa ni sehemu ya kawaida ya mwili wa mtoto, na maradhi yaliyomfanya alie hubaki pale pale.

Haifai, hata hivyo, kuwadharau waganga wa jadi kwa jumla. Abagusii wana historia ya kweli ya upasuaji, kwa kuwa ababari wao, yaani wapasuaji wa jadi, walifungua mafuvu ya watu waliojeruhiwa vichwani na wengi wa wagonjwa wao wakapona, jambo lililowastaajabisha madaktari wa karne ya 20 walioandika habari zao. Lakini omobari alishughulikia jeraha ambalo mgonjwa mwenyewe aliweza kulieleza na mahali pake pakajulikana. Mtoto wa wiki nne hana lugha ya kueleza maumivu yake, na kilio chake ni kimoja kwa njaa, uchovu, baridi, nimonia na utumbo uliojisokota, kwa hiyo kuamua kwamba chanzo ni maziwa kabla ya kumpima ni kubahatisha.

Hali tatu zinazochanganywa chini ya jina moja

Hali ya kwanza ni kucheua, yaani maziwa kurudi mdomoni kwa utulivu pasipo jitihada ya kutapika. Sababu yake ni kwamba msuli unaofunga mpaka wa umio na tumbo haujakomaa kwa mtoto mchanga, ambaye pia hula vyakula vya majimaji na hutumia muda mwingi akiwa amelala. Karibu nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu hucheua walau mara moja kwa siku, hali hiyo hufikia kilele karibu na mwezi wa nne, na wengi wao huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto anayecheua huku akinyonya kwa hamu, akikojoa vizuri na kuongezeka uzito hahitaji dawa yoyote.

Hali ya pili ni msokoto wa tumbo, ambao katika pwani ya Kiswahili huitwa pia mchango. Daktari wa Marekani Morris Wessel na wenzake waliueleza mwaka 1954 kuwa ni kilio cha zaidi ya saa tatu kwa siku, kwa zaidi ya siku tatu katika wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima na amelishwa vya kutosha. Kilio hicho hutokea zaidi jioni, mtoto hukunja miguu, uso ukawa mwekundu na tumbo likakaza. Hewa anayoimeza akilia huongeza gesi, na ndiyo maana tumbo linalosikika kujaa mara nyingi ni matokeo ya kilio zaidi ya kuwa chanzo chake.

Hali ya tatu ndiyo pekee inayostahili kuitwa ugonjwa wa maziwa kuganda, nayo kitaalamu huitwa laktobezoa, yaani donge gumu la maziwa yasiyomeng'enywa lililochanganyika na ute na kukaa tumboni bila kushuka. Taarifa yake ya mwanzo katika vitabu vya utabibu ilitolewa mwaka 1959, na visa vingi vilivyofuata, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, viliwapata watoto njiti waliozaliwa na uzito mdogo na kulishwa hospitalini maziwa ya kutengenezwa yenye nguvu nyingi na kasini nyingi. Ni hali adimu sana, na kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni mwa mama na anayenyonya titi tu ni adimu zaidi. Hutambuliwa kwa picha za eksirei au za mawimbi ya sauti, na tiba yake kwa kawaida ni kumpumzisha mtoto asile kwa mdomo, kumpa maji kwa mshipa, na pengine kuosha tumbo kwa maji ya chumvi kupitia mpira mwembamba. Upasuaji huhitajika mara chache tu, kama vile ukuta wa tumbo unapotoboka. Hata ugonjwa huu wenyewe, basi, haupozwi kwa mitishamba wala kwa chale.

Dalili ambazo hazifai kusubiri

Mzazi anayeacha kuyaogopa madonge anahitaji kujua vitu vya kuogopwa badala yake. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, dalili za hatari zinazotumiwa na wahudumu wa afya ni kushindwa au kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kubonyea kwa kifua kila anapovuta pumzi, joto la mwili la nyuzi 37.5 au zaidi au lililoshuka chini ya nyuzi 35.5, na ulegevu wa kiasi kwamba mtoto hatikisiki mpaka aguswe. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi anapaswa kupelekwa kituoni saa ile ile, iwe mchana au usiku, huku akiendelea kunyonyeshwa njiani kama anaweza na akiwa amefunikwa vizuri, kwa kuwa baridi ya vilima vya Gusii humpunguzia mtoto mchanga joto kwa haraka.

Matapishi nayo yana lugha yake. Matapishi ya rangi ya kijani yana nyongo, na kwa mtoto mchanga yanaweza kumaanisha kwamba utumbo umejisokota au umeziba, hali ambayo ndani ya saa chache inaweza kuua sehemu ya utumbo. Matapishi yanayoruka mbali kila baada ya kunyonya kwa mtoto wa kati ya wiki tatu na wiki sita, ambaye hutaka kunyonya tena mara tu baada ya kutapika, yanaashiria kwamba msuli wa tundu la kutokea tumboni umenenepa na kuziba njia. Ugonjwa huo huwapata zaidi wavulana, na matapishi yake yanaweza kujaa madonge kwa kuwa maziwa hayana pa kwenda. Hapa ndipo imani ya maziwa kuganda huwa na hatari kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu siku zinazotumika kutoa madonge ndizo mtoto anazopoteza maji na chumvi za mwili, ilhali upasuaji mfupi uliobuniwa na daktari Mjerumani Conrad Ramstedt mwanzoni mwa karne ya 20 humponya kabisa. Kwa mtoto mkubwa kidogo, hasa wa kati ya miezi mitano na tisa, kilio cha ghafla kinachokuja na kupoa kwa vipindi, kikifuatwa na choo chenye ute na damu, huashiria kwamba sehemu ya utumbo imejichomeka ndani ya sehemu nyingine. Tumbo lililovimba na kukaza bila mtoto kutoa choo wala hewa, utosi uliobonyea, na nepi inayobaki kavu kwa saa nyingi ni dalili nyingine za kumkimbiza mtoto kituoni.

Madhara ya kuyatoa maziwa

Mtoto wa kilo tatu hana ini wala figo zilizokomaa za kuondoa sumu, na kijiko kimoja cha maji ya mitishamba ambacho hakingemdhuru mtu mzima kinaweza kuwa kipimo kikubwa mno kwake. Hata pale ambapo mmea wenyewe hauna sumu, maji yanayotumika huenda yasiwe safi, na maji mengi kwa mtoto wa umri huo hupunguza chumvi katika damu hata kusababisha degedege. Mtoto anayenyweshwa kwa kubanwa pua au kulazwa chali anaweza kuvuta dawa au matapishi mapafuni na kupata nimonia, na kila kijiko cha dawa huchukua nafasi ya maziwa ambayo angeyanyonya.

Kukanda tumbo kunahitaji kipimo cha namna hiyo hiyo. Kumpapasa mtoto taratibu kwa mafuta, mkono ukizunguka kitovu kwa wepesi, hakuna ubaya na kunaweza kumtuliza, lakini kulikandamiza tumbo kwa vidole ili kulivunja donge kunaweza kujeruhi ini na bandama, ambazo kwa mtoto mchanga zimechomoza chini ya mbavu na hazina kinga. Chale ndizo zenye madhara mengi zaidi: wembe usio safi huingiza pepopunda, virusi vya ukimwi na bakteria wanaoenea katika damu, na mtoto mchanga, hasa ambaye hakuchomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa, anaweza kutokwa na damu nyingi kuliko ukubwa wa kidonda. Dawa za chupa za kutuliza tumbo zinazouzwa madukani nazo hazijathibitishwa kuwa zinaponya msokoto, na haifai kuzitumia bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Kumlisha mtoto kwa namna inayolilinda tumbo lake

Ulishaji bora huanza ndani ya saa moja baada ya kujifungua, mtoto anapopewa dang'a, yaani maziwa ya mwanzo yaliyo mazito na ya manjano. Uzito na rangi yake visimfanye mama adhani kuwa yameharibika au kwamba yatamgandia mtoto. Ni machache kwa sababu tumbo la siku ya kwanza ni dogo, nayo yamejaa kinga dhidi ya maradhi na husaidia kusukuma nje kile choo cheusi cha mwanzo. Baada ya hapo mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001 limeshauri kwamba asipewe kitu kingine chochote, hata maji, mpaka atimize miezi sita. Ushauri huo ni wa muhimu pia kwa mama anayeishi na virusi vya ukimwi, ambaye hunyonyesha huku akitumia dawa zake bila kukosa, kwa kuwa kumchanganyia mtoto vyakula vingine mapema huongeza uwezekano wa kumwambukiza. Nchini Kenya takwimu za afya za kitaifa zilionyesha kuwa watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2008–09, wakafikia asilimia 61 mwaka 2014, na kubaki asilimia 60 mwaka 2022, jambo linaloonyesha kwamba mabadiliko yanawezekana na kwamba bado watoto wanne kati ya kumi hupewa kitu kingine.

Namna ya kunyonya huchangia pia. Mtoto anayeshika chuchu peke yake humeza hewa. Anayefaa kuigwa ni yule aliyefungua kinywa sana, kidevu kikagusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikawa mdomoni. Akimaliza, inafaa ashikwe wima begani kwa dakika 10 hadi 20 ili apige mbweu, na anapolazwa alazwe chali, kwa kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla hata kama huonekana kumtuliza. Utoshelevu wa maziwa hupimwa kwa mkojo wa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na kwa uzito unaorudi kama wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili na kuongezeka baada ya hapo. Uzito unaoandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto ndio shahidi wa kutegemewa kuliko wingi wa kilio.

Kikwazo kikubwa katika vilima vya Kisii na Nyamira ni kazi. Mama mwenye shamba la majani chai hudamka kwenda kuchuma, au hupeleka ndizi na mboga sokoni Keroka, Ogembo au Kebirigo, na mtoto hubaki na nyanya au na omoreri, yaani mtoto mkubwa au msichana anayelea, ambaye akisikia kilio hukimbilia maziwa ya ng'ombe au uji. Njia iliyo bora ni mama kukamua maziwa yake kwa mkono kabla ya kuondoka, akiwa amenawa kwa sabuni, na kuyaweka katika chombo safi chenye kifuniko mahali penye kivuli na ubaridi, ambapo hukaa salama kwa saa nne. Kisha yanyweshwe kwa kikombe badala ya chupa, ambayo ni vigumu kuisafisha. Mlezi aelezwe mapema kwamba maziwa hayo yakitulia hujitenga, mafuta yakaelea juu, na kwamba hali hiyo haimaanishi kuwa yameganda wala kuharibika. Kuyazungusha taratibu ndani ya chombo kunatosha kuyachanganya. Vilevile, maziwa yaliyokaa titini mchana kutwa wakati mama yuko shambani hayaharibiki, na hakuna haja ya kuyamwaga kabla ya kumnyonyesha mtoto jioni.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa mbali na ugumu wa madonge yake yana chumvi nyingi kwa figo changa na madini ya chuma machache mno. Pale ambapo mama hayupo au hawezi kunyonyesha, maziwa ya kopo hutumiwa kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, na kipimo cha unga kisizidishwe kwa nia ya kumshibisha mtoto, kwa kuwa maziwa mazito kupita kiasi humnyang'anya maji na kufanya madonge magumu. Maji yachemshwe, yatumike yakiwa bado na moto usiopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu vilivyomo katika unga, kisha maziwa yapozwe kabla ya kunyweshwa na yatakayobaki yamwagwe. Uji wa wimbi, ambao kwa Ekegusii ni erongori, ni chakula chema kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo huijaza nafasi ya maziwa katika tumbo dogo na kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe ipasavyo.

Kumtuliza mtoto na kuzungumza na wazee

Kwa msokoto wa tumbo, urithi wa Abagusii wenyewe una msaada mwingi kuliko duka la dawa. Watafiti Robert LeVine na Sarah LeVine pamoja na wenzao, waliofuatilia familia za Gusii katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1994, walieleza jinsi akina mama wa huko walivyokuwa wepesi kukiitikia kilio cha mtoto kwa kumbeba na kumnyonyesha, na jinsi watoto hao walivyolia kidogo wakilinganishwa na wa Marekani. Kumbeba mtoto kifuani au mgongoni, kutembea naye, kumwimbia, kupunguza kelele na mwanga jioni, na kupokezana zamu ili mama apumzike ndiyo matunzo yanayofaa mpaka wiki za kilio zipite. Mlezi anayehisi hasira inampanda amlaze mtoto mahali salama na kuondoka kwa dakika chache, kwa maana kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumvujisha damu ubongoni.

Uamuzi wa kumpeleka mtoto kwa mganga mara nyingi hutolewa na nyanya, magokoro kwa Ekegusii, na mama kijana aliyeolewa karibuni huwa hana sauti ya kumpinga. Njia yenye heshima ni kumshirikisha mapema: nyanya aende kliniki pamoja na mkwewe katika wiki ya sita, siku ya chanjo, aone mtoto akipimwa uzito, na amsikie muuguzi akieleza kilio hicho kitaisha lini. Nyanya anayejua dalili za hatari ni mlinzi bora, kwa kuwa ndiye anayemkumbatia mtoto wakati mama yuko shambani. Baba naye, ambaye aghalabu ndiye anayetoa fedha, anafaa kuelewa kwamba ada inayolipwa kwa mganga ingetosha nauli ya kufika zahanati, na kwamba katika zahanati na vituo vya afya vya umma ada za wagonjwa zilifutwa tangu Juni 2013. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wanaweza kuitwa kumwangalia mtoto na kuandika rufaa, na kituo kinapoona haja humwelekeza mtoto katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

Sheria nayo ina neno lake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya na ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatilia mkazo ulinzi huo. Hata hivyo wazazi wengi waliochanja watoto wao walifanya hivyo kwa upendo na hofu, na muuguzi anayewakaripia huwafanya wafiche mara nyingine. Mzazi ambaye mtoto wake tayari amenyweshwa dawa au amechanjwa anapaswa kulieleza jambo hilo kituoni bila kusita, akitaja kilichotolewa na siku yake, kwa kuwa habari hiyo ndiyo itakayomwezesha daktari kuamua kama mtoto anahitaji chanjo ya pepopunda, viuavijasumu au kipimo cha figo.

Mtoto anapolia usiku, basi, mpangilio wa hatua ni mfupi na unaweza kukumbukwa na kila aliye nyumbani. Kwanza achunguzwe kwa dalili za hatari zilizotajwa, kwa kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima na kumpima joto, na ikiwepo hata moja aondoke kwenda kituoni. Pili, kama hakuna, anyonyeshwe, abadilishwe nepi, ashikwe wima apige mbweu, kisha abebwe. Tatu, kilio kikirudi jioni baada ya jioni, mtoto apelekwe kliniki mchana ili apimwe uzito na kukaguliwa mwili mzima, na kijitabu chake kisomwe. Madonge meupe atakayocheua katikati ya hatua hizo yapanguswe kwa kitambaa safi, na mtoto arudishwe titini.